MCHWA, KUTU NA VIWANJA VYA VISIWANI

Mwezi Desemba 2020 Mamlaka ya Uwanja katika Jimbo la Hawaii, nchini Marekani, ilitangaza kwamba Uwanja wa Aloha, mkubwa kuliko wote katika visiwa hivyo, hautapangiwa tena shughuli mpya za watazamaji. Sababu kubwa zilikuwa mbili: mfuko wa kuuendesha ulikuwa umekauka, na jengo lenyewe lilikuwa limechoka. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1975. Ulikuwa na viti 50,000 na uligharimu dola za Marekani zipatazo milioni 37, fedha nyingi mno kwa siku zile. Haukupigwa kombora wala haukuangushwa na tetemeko la ardhi. Uliliwa na kutu, kidogo kidogo, kwa muda wa miaka 45, na waliopewa kazi ya kuutunza walikuwapo siku zote.

Wako watakaouliza habari hii inatuhusu nini sisi wa Unguja na Pemba. Hawaii iko upande wa pili wa dunia, na uwanja tunaoutaja ulijengwa kwa ajili ya michezo ambayo wengi wetu hatuichezi, besiboli na mpira wa miguu wa Kimarekani. Jibu letu ni fupi. Hawaii ni visiwa, na sisi ni visiwa. Chumvi iliyoko katika hewa ya kule ndiyo iliyoko katika hewa ya hapa. Aidha, mwezi Septemba 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa dhamana ya kuandaa kwa pamoja mashindano ya Kombe la Mataifa ya Afrika ya mwaka 2027, na tangu hapo habari ya viwanja imekuwa katika vinywa vya viongozi na wananchi. Wazee wetu walisema, mwenzako akinyolewa, chako tia maji. Ni busara basi kuitazama Honolulu kwa makini, kwa kuwa mji huo umekwisha kunyolewa mara mbili.

Uwanja wa mbao

Besiboli huchezwa na timu mbili za watu tisa tisa. Mchezaji wa upande mmoja hurusha mpira mdogo mgumu. Wa upande wa pili huupiga kwa gongo, kisha hukimbia kuvizunguka vituo vinne vilivyowekwa pembeni mwa uwanja. Huo ndio mchezo ulioota mizizi katika visiwa vya Hawaii tangu zama za wafalme wao. Alexander Cartwright, mmoja wa watu walioshiriki kuweka kanuni za mwanzo za mchezo huo mjini New York katika miaka ya 1840, alihamia Honolulu mwaka 1849 na akaishi huko hadi alipofariki mwaka 1892. Baadaye wakaja vibarua wa mashamba ya miwa, Wachina, Wareno, Wajapani, Wafilipino na wengineo, na kila kabila likaunda timu yake. Wajapani walikuwa na Asahi, iliyoanzishwa mwaka 1905. Wareno walikuwa na Braves. Wachina na Wazungu nao walikuwa na zao.

Msomaji wa mjini Zanzibar hahitaji kuelezwa mambo hayo kwa urefu. Wazee wanaoukumbuka uwanja wa Mnazi Mmoja wa zama za ukoloni wanajua jinsi klabu za mitaa na za jamii mbalimbali zilivyokutana pale jioni, na jinsi watu waliotengwa na sheria, kazi na makazi walivyojikuta wakishangilia pamoja pembezoni mwa uwanja mmoja. Mpira haukuuondoa ubaguzi, wala hatupendi kuipamba historia. Lakini ulikuwa miongoni mwa mambo machache yaliyowakutanisha watu ambao utawala uliwataka wakae mbalimbali.

Mwaka 1926 Honolulu ilipata uwanja wa kuukusanya umma huo. Ulijengwa katika mtaa wa Moiliili, kwenye kona ya barabara za King na Isenberg, katikati ya nyumba za watu na karibu na chuo kikuu. Ulikuwa mali ya kampuni binafsi. Majukwaa yake yalikuwa ya mbao, na yaliweza kupokea watu wapatao 25,000. Pale palichezwa besiboli, mpira wa Kimarekani na ndondi, na shule za sekondari zikakutana kwa mashindano yao. Babe Ruth, aliyekuwa mchezaji mashuhuri kuliko wote wa besiboli, alifika mwaka 1933. Jackie Robinson, ambaye mwaka 1947 alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kucheza katika ligi kuu za karne ya ishirini, alikuwa huko mwaka 1941 akicheza mpira wa Kimarekani kwa ujira, na akaondoka Honolulu siku mbili tu kabla ya Pearl Harbor kushambuliwa. Wakati wa vita, mwaka 1944, Joe DiMaggio alicheza mjini humo akiwa askari. Mwaka 1957 akaja mwimbaji Elvis Presley.

Vita hivyo vilileta pia mtihani mchungu. Baada ya shambulio la Pearl Harbor, jina la Kijapani lilikuwa mzigo, na timu ya Asahi ikalazimika kuitwa Athletics. Msimamizi wake wa wakati huo, Neal Blaisdell, alikuja kuwa Meya wa Honolulu kuanzia mwaka 1955 hadi 1969. Tunalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha uwanja wa mji ni nini hasa. Nchi nzima ilipowatilia shaka watu wa asili fulani, uwanjani bado palipatikana nafasi ya kuwaweka katika orodha ya wachezaji na kuwapigia makofi.

Hawaii ikawa jimbo la 50 la Marekani mwaka 1959. Mwaka 1961 timu ya kulipwa ya Sacramento, California, ilihamishiwa Honolulu na kupewa jina la Islanders, yaani Watu wa Visiwani. Ilicheza katika Ligi ya Pwani ya Pasifiki, ngazi moja chini ya ligi kuu. Wapinzani wake walivuka bahari kwa ndege, mwendo wa kilomita zipatazo 3,800 kutoka pwani ya California, na kwa sababu ya gharama hiyo wakikaa kisiwani kwa michezo kadhaa mfululizo. Mashaka yalikuwa mengi, lakini watu walikuja. Mwaka 1970 watazamaji wa msimu mzima walizidi 460,000, idadi ambayo timu nyingi za daraja hilo hazikuwahi kuiota.

Uwanja wenyewe, hata hivyo, ulikuwa ukiliwa. Mchwa walikuwa wameingia katika mbao, na wenyeji, kwa mzaha wenye mapenzi ndani yake, wakauita Kasri la Mchwa. Hatutaki mtu afikiri kwamba tunausifu uwanja mbovu. Jukwaa la mbao zilizoliwa na mchwa ni hatari kwa roho za watu, na viongozi waliosema kwamba umri wake umekwisha walisema kweli. Mwaka 1975 ukafungwa, mwaka uliofuata ukabomolewa, na mahali pake pakawa bustani ya umma. Swali halikuwa kama Honolulu ijenge uwanja mwingine. Swali lilikuwa ijenge uwanja wa namna gani, mahali gani, na kwa matumizi ya nani.

Uwanja wa chuma

Uwanja wa Aloha ulijengwa kwa fedha za umma huko Halawa, karibu na Pearl Harbor, nje ya kitovu cha mji, mahali panapofikiwa kwa barabara kuu za magari. Ulikuwa fahari ya wahandisi. Sehemu nne za majukwaa, kila moja yenye viti vipatavyo 7,000, ziliweza kuinuliwa kwa nguvu ya hewa iliyosukumwa chini yake na kusogezwa: zikikaa hivi, uwanja ni wa besiboli, zikikaa vile, ni wa mpira wa Kimarekani. Ardhini paliwekwa nyasi za bandia. Na mhimili wa jengo lote ulikuwa chuma cha aina maalumu, ambacho hakikuhitaji kupakwa rangi.

Ni vema tukieleze chuma hicho, maana ndani yake limo somo zima. Chuma cha kawaida kikipata maji na hewa hufanya kutu, kutu ikabanduka, na chuma kilicho chini kikaliwa tena. Chuma cha aina hii huchanganywa na madini mengine kidogo ili kutu yake ya kwanza ishikamane vizuri na kuwa kama ngozi ya kukikinga. Jengo hutia rangi ya kahawia, kisha hutulia. Lakini ngozi hiyo hushika mahali ambapo chuma hulowa kisha kikakauka vizuri. Penye unyevu usiokwisha na chumvi inayopeperushwa kutoka baharini, ngozi haitulii: kutu huendelea, hupenya viungo, na hutafuna hadi ndani. Mjini Chicago, mbali na bahari, chuma cha aina hiyo kilijengewa jumba kubwa la mahakama na ofisi lililokamilika mwaka 1965, nalo lilisifiwa. Kilichofaa Chicago kikapelekwa kisiwani, na bahari haikusoma vitabu vya Chicago.

Basi, uwanja ambao ulinunuliwa kwa matumaini kwamba hautahitaji rangi ukawa uwanja unaohitaji matengenezo kila mara. Katika miongo iliyofuata serikali ya jimbo ilitumia mamilioni ya dola kukwangua kutu, kupaka rangi ya kukinga, na kubadilisha vipande vilivyooza. Majukwaa yanayosogezwa nayo yalipata masaibu yake, na mwezi Januari 2007 yalifungwa moja kwa moja katika mkao wa mpira wa Kimarekani. Mashine iliyokuwa fahari ya uwanja ikawa mzigo, na besiboli ikakosa uwanja wake hata kwa umbo.

Ukweli ni kwamba besiboli ilikuwa imekwisha kuondoka zamani. Islanders walikuwa mabingwa wa ligi yao mwaka 1975 na tena mwaka 1976, mwaka wao wa kwanza Halawa. Timu iliyoshinda ingetarajiwa kustawi. Haikustawi. Hata msimu haujapata moto mwaka huo wa 1976, ulizuka mzozo juu ya viatu vyenye meno ya chuma, ambavyo ni desturi ya wachezaji wa besiboli, na ambavyo wakuu wa uwanja hawakuvitaka juu ya nyasi zao za bandia. Uwanja uliojengwa ili mchezo uchezwe ukaanza kuukataza mchezo ili uwanja usiharibike.

Lakini chanzo kikubwa kilikuwa hesabu. Timu ya besiboli ya daraja lile hucheza nyumbani mara zipatazo 70 kwa mwaka, na kila mara huhitaji watu elfu chache tu. Timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo kikuu hucheza nyumbani mara sita au saba, na kila mara hutaka makumi ya maelfu. Uwanja wa viti 50,000 ulijengwa kwa kipimo cha siku hizo chache. Mtu aliyezoea kwenda Moiliili kwa miguu au kwa basi baada ya kazi, akakaa bega kwa bega na jirani zake, sasa alitakiwa asafiri hadi Halawa, alipe maegesho, kisha akae miongoni mwa viti vitupu. Watu elfu tatu katika uwanja wa watu elfu hamsini ni kama watu wa msiba uliokosa jamaa. Baada ya msimu wa 1987 timu ikahamishiwa Colorado Springs, ndani kabisa ya bara la Marekani. Watu wa Visiwani wakapelekwa milimani.

Haki na itendeke hata kwa chuma. Uwanja wa Aloha haukuwa hasara tupu. Mashindano ya nyota wa mpira wa kulipwa wa Kimarekani yalichezwa pale takriban kila mwaka kuanzia mwaka 1980 hadi 2009, na mara kadhaa baadaye. Mwezi Januari 1997 Michael Jackson aliujaza, na mwezi Aprili mwaka huo huo timu za San Diego na St. Louis zilikuja kucheza mechi tatu za ligi kuu ya besiboli. Maegesho yake yakawa gulio mashuhuri, ambapo wachuuzi wadogo waliuza kanga za kwao, matunda na vyombo vilivyotumika. Gulio hilo liliendelea hata baada ya majukwaa kupigwa marufuku. Na ifahamike: wakati hazina ya serikali ililipia chuma, sehemu iliyodumu kutumiwa na watu wa kawaida mwaka hadi mwaka ilikuwa ule uwanda mtupu wa magari.

Kisha likaja jambo la mwisho, ambalo lingekuwa kichekesho lau lisingekuwa fedha za walipa kodi. Tarehe 30 Juni 2023 reli mpya ya mji wa Honolulu ilianza kuchukua abiria, na mojawapo ya vituo vyake ni kituo cha Halawa, mlangoni mwa uwanja. Kwa miaka karibu 50 uwanja uliokuwa wazi haukuwa na reli. Reli ilipofika, uwanja ulikuwa umefungwa kwa watazamaji mwaka wa tatu. Chuo kikuu nacho kilikuwa kimekwisha kurudisha michezo yake, tangu mwaka 2021, kwenye kiwanja kidogo kilichomo ndani ya chuo, upande ule ule wa mji ambako Kasri la Mchwa lilikuwapo. Serikali ya jimbo nayo ikaamua kwamba uwanja utakaojengwa upya Halawa uwe mdogo kuliko wa kwanza.

Hesabu iliyokosekana

Tukiyaweka mambo hayo pamoja, tunaona kwamba Honolulu haikushindwa kwa kukosa fedha za kujenga. Fedha za kujenga zilipatikana. Haikushindwa pia kwa kukosa wataalamu, maana walikuwa miongoni mwa bora duniani. Ilishindwa kwa kutoiandika hesabu moja siku ya kwanza: kila mwaka, kwa miaka 50 ijayo, nani atalipa nini ili jengo hili lisiliwe na bahari, na ni siku ngapi katika mwaka mwananchi wa kawaida ataingia ndani yake.

Siku ya kuweka jiwe la msingi kila kiongozi hupenda kuwapo. Siku ya kupaka rangi ya kukinga kutu hapana bendi wala kamera. Hilo si kosa la Wamarekani peke yao. Ni tabia ya binadamu, na serikali zote duniani hujaribiwa nalo. Lakini serikali ya visiwani hujaribiwa zaidi, kwa sababu huku bahari haitoi likizo.

Sisi wenyewe tunao ushahidi wa karibu, na ni wa kusikitisha. Mwezi ule ule wa Desemba 2020 Honolulu ilipotangaza habari za uwanja wake, siku ya tarehe 25, sehemu ya Beit el Ajaib iliporomoka katika Mji Mkongwe wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo lile lililojengwa mwaka 1883 lilikuwa limevumilia mizinga, upepo na mvua kwa zaidi ya karne. Hatusemi kwamba uwanja wa michezo na kasri la Sultani ni kitu kimoja. Tunasema kwamba katika visiwa, jengo linaloahirishiwa matengenezo huendelea kuhesabu siku, hata kama waliokabidhiwa wamesahau.

Uwanja wetu wa Amaan ulifunguliwa mwaka 1970, ukiwa umejengwa kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China. Kwa hiyo ni mkubwa wa Uwanja wa Aloha kwa miaka mitano. Ulikarabatiwa kwa kiasi kikubwa na kumalizika mwaka 2010. Ukafanyiwa tena matengenezo makubwa zaidi na kufunguliwa upya mwezi Desemba 2023, na mwezi Agosti 2025 ukapokea mechi za mashindano ya CHAN. Huko ndiko zilikosherehekewa sikukuu nyingi za Mapinduzi, ndiko vijana wa halaiki walikojifunza kupanga mistari, na ndiko klabu za Unguja na Pemba zilikopimana ubavu. Pamoja na Gombani kwa upande wa Pemba, ni mali isiyoweza kukadiriwa kwa shilingi tu.

Bado umri wa Amaan unatufundisha jambo. Kati ya kufunguliwa kwake na ukarabati ule uliomalizika mwaka 2010 ilipita miaka 40, na kati ya ukarabati huo na uliofuata ilipita miaka 13. Kila mara kazi imekuwa kubwa, ya kufufua. Sisi tunaona kwamba uwanja usingojewe ufe nusu ndipo ufufuliwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika zama hizi, ukuta hujengwa kwa mkopo.

Yanayopasa kufanywa

Kwa sababu hizo tunapenda kuyaweka mbele ya Serikali na wananchi mapendekezo machache, ambayo hayahitaji mtaalamu kutoka nje kuyatekeleza.

Kwanza, kila uwanja unaojengwa au kukarabatiwa kwa fedha za umma uwe na fungu lake la matengenezo, lililotajwa katika bajeti kwa jina na kulindwa lisihamishiwe kwingine. Mwaka ambao hapana mashindano makubwa ndio mwaka ambao fungu hilo linahitaji kulindwa zaidi, kwa kuwa ndio mwaka ambao litatamaniwa.

Pili, mafundi wakague vyuma, zege, paa na nyaya za taa kila mwaka, na taarifa yao iwekwe wazi mbele ya Baraza la Wawakilishi. Kutu haina siasa. Ikisomwa hadharani ikiwa bado ya unene wa ukucha, gharama yake ni rangi na brashi. Ikifichwa hadi iwe na unene wa kidole, gharama yake ni uwanja.

Tatu, vifaa visikubaliwe kwa sababu vimesifiwa kwingine. Mkandarasi anayetaka kutumia chuma, bati, viti au nyasi za aina fulani aonyeshe mahali penye bahari ya joto ambapo vimekaa miaka 20 na hali vilivyo nayo sasa. Na mashine yoyote ambayo haiwezi kutengenezwa na fundi aliyepo visiwani, kwa vipuri vinavyoweza kufika kwa meli ya kawaida, itazamwe mara mbili kabla ya kununuliwa.

Nne, ukubwa upimwe kwa siku za kawaida. Mashindano ya kimataifa yana masharti yake, nayo hayana budi kutimizwa tunapoyataka. Lakini mashindano hukaa wiki chache, kisha wageni wakaondoka. Atakayebaki ni mtoto wa shule ya msingi, timu ya wasichana inayotafuta mahali pa kufanyia mazoezi, na klabu ya daraja la pili isiyo na uwezo wa kulipa kodi kubwa. Kalenda ya uwanja iwape hao siku zao kwa maandishi, na si kwa hisani ya msimamizi.

Tano, mahali pa kujenga pachaguliwe kwa miguu ya watu. Uwanja unaojengwa mbali uambatane na daladala na barabara yake tangu siku ya kwanza, au ungoje. Na viwanja vidogo vya mitaani, ambavyo havina majukwaa wala taa, visimegwe kwa ajili ya maduka na nyumba kwa kisingizio kwamba sasa tunao uwanja mkubwa. Hakuna mchezaji aliyeanza kucheza mbele ya watu elfu kumi na tano.

Tunajua majibu yatakayotolewa. Yatasemwa kwamba hospitali zinahitaji dawa, shule zinahitaji madawati, na kwamba rangi ya uwanja haiwezi kutangulia. Hoja hiyo ni ya haki, wala hatuipuuzi. Lakini ndiyo hasa inayotufanya tuandike. Nchi isiyo na fedha nyingi haina uwezo wa kujenga kitu kimoja mara tatu. Shilingi inayotumika leo kupaka rangi inaokoa nyingi za kesho, na hizo zitakazookolewa ndizo zitakazonunua dawa na madawati. Hawaii, jimbo la nchi tajiri, iliweza kumudu kosa lake kwa miaka 45. Sisi hatutaweza kumudu letu hata kwa 20.

Leo penye kona ya barabara za King na Isenberg pana bustani. Watu hupita wakitembea, na watoto hucheza mahali ambapo Babe Ruth aliwahi kushika gongo. Si mwisho mbaya kwa uwanja: mchwa waliuangusha, lakini ardhi yake ilibaki kuwa ya umma na mchezo ukabaki katika kumbukumbu za watu. Waliorithi uwanja wa chuma walibaki na deni, na swali la nani angeulizwa. Viongozi wetu wanao muda wa kuchagua wanataka kukumbukwa kwa urithi upi. Sisi tunashauri kwamba katika bajeti ijayo, kabla ya kutajwa uwanja wowote mpya, litajwe kwanza fungu la kuutunza Amaan na Gombani, kwa tarakimu, ili kila mwananchi alisome.